TAHADHARI: Mafuta ya breki "ya mashindano" yanayouzwa hapa Malindi

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Kilifi wenye magari ya turbo (ile feni ya kuisukumia injini hewa), someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna kijana anauza mafuta ya breki, kulanti (ile ya kupozea injini) na "dawa ya turbo" kwa WhatsApp. Duka hana. Anakutumia picha safi, anakuita shekhe kila sentensi, kisha mzigo unaletwa na bodaboda pale karibu na stendi. Mwezi uliopita nilinunua kwake chupa mbili za mafuta ya breki na dumu moja la kulanti. Breki zikaniishia nikiwa kwenye 140. Nimetoka salama, gari limekwaruzika bampa tu, lakini mwengine huenda asiwe na bahati hiyo.

Jina lake silitaji na namba siiweki. Anabadilisha laini kama mtu anavyobadilisha kikoi, na ile niliyokuwa nayo mimi haipatikani tena. Mjue bidhaa yake na maneno yake, hiyo inatosha.

Gari langu ni Subaru Forester, lile la turbo. Siku za kawaida linapeleka watoto shule. Mara mbili kwa mwaka nalipandisha bara hadi Athi River, kwenye siku za kukimbiza magari kiwanjani. Ni zaidi ya kilomita 500, na mke wangu hunicheka: mtu atoke Malindi aende mpaka huko kuzunguka palepale, kisha arudi. Safari hii nilitaka mafuta ya breki yanayostahimili moto, ndipo rafiki akanipa namba ya huyu bwana.

"Shekhe, hii ni DOT 5.1, ndiyo wanayotia wale wa Safari Rally. Ukishaweka hii hutaki nyengine." Bei yake ilikuwa nusu ya ile ya Mombasa. Nilipoomba till, ile namba ya malipo ya biashara, nilipe kama dukani, akasema till inasumbua leo, tuma kwa namba hii. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Nikatuma. Wenye akili wanacheka hapa, nami nawapa haki yao.

Mizunguko mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri. Wa nne, mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, nakanyaga breki mguu unazama kama nimekanyaga godoro. Nikainua, nikakanyaga tena upesi mara mbili tatu, zikashika kidogo. Nikashusha gia mpaka injini ikalia, nikalitoa gari kwenye njia, likaenda kusimama kwenye tairi zilizopangwa pembeni. Nilipofungua mlango, diski za mbele zilikuwa zinatoa moshi na harufu ile ya pedi kuungua. Miguu ilikuwa inatetemeka, nikakaa chini kwenye majani kama mtoto.

Kilichotokea si muujiza. Gari la kilo 1,500 likitoka kasi ya 150 kushuka hadi 60, ule mwendo uliopungua karibu wote unageuka moto kwenye diski na pedi. Moto huo unatosha kuchemsha lita 3 za maji kutoka baridi, na unamwagwa kwa sekunde chache tu. Zunguka, rudia. Diski inapita nyuzi 500 za Selsiasi, moto unapita kwenye pedi, unaingia kwenye pistoni ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), unayafikia mafuta. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Basi wewe unakanyaga, unabonyeza mvuke, gari halina habari nawe.

Ndiyo maana ile namba ya DOT ni ahadi ya kiwango cha kuchemka, si pambo la chupa. Yakiwa mapya, DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, DOT 4 chini ya 230, DOT 5.1 chini ya 260. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 viwango vinashuka hadi 140, 155 na 180. Nayo yanayanyonya kweli, hata kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani mnaijua: chumvi ya mezani hapa haimwagiki bila kugongwa. Chupa iliyofunguliwa ikakaa kabatini miezi si ya kurudia tena, hata kama ni ya halali.

Niliporudi nilikuwa na ile chupa ya pili sijaigusa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mombasa, mzee wa miaka mingi, ana kile kipima kinachochemsha mafuta yenyewe na kusoma nyuzi. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akatumbukiza, tukangoja. 148. Akapima tena. 148. Akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, haya hata DOT 3 hayafiki. Umeuziwa ya kuoshea sufuria."

Kisha akanionyesha kifuniko. Pete ya plastiki chini yake ilikuwa imekatwa kwa wembe ikarudishwa kwa gundi; ukipitisha kucha unauhisi mshono. Ile karatasi ya fedha ya ndani ilikuwa na alama mbili za gundi, ya zamani na ya juzi. Lebo ina namba ya toleo, chupa yenyewe haina. Kwa ufupi, chupa halisi imeokotwa, ikajazwa kitu chengine. Ule mshono niliuona siku ya kwanza. Nikajiambia ni joto la gari la mizigo.

Na msiseme "mimi siendi kiwanjani". Mafuta haya mjini yanafanya kazi sawasawa, ndiyo sababu kijana bado ana wateja wanaomsifu. Lakini jaribu kushuka Mazeras, ule mteremko wa kuingia Mombasa, nyuma ya malori, gari limejaa watu, mguu uko kwenye breki muda wote. Moto ni ule ule.

Kulanti sasa. Nilishaanza kushuku, basi nikamimina kidogo kwenye kisahani nikakianika juu ya bati. Siku ya tatu kulibaki doa la kijani na duara la chumvi nyeupe ukingoni. Kulanti halisi haikauki hivyo, inaacha kitu kizito kinachoteleza, kwa sababu ya glaikoli. Aliniuzia maji ya kisima yaliyotiwa rangi. (Ukifanya jaribio hili weka mahali pa juu. Glaikoli ni tamu na ni sumu, na paka wa mitaa yetu hawaachi kisahani.)

Maji matupu yanapoza vizuri, sibishi. Ila yanachemka kwa nyuzi 100, na hata kifuniko kizuri cha rejeta chenye mgandamizo wa bar 1.1 kinayasogeza hadi 120 na kitu. Mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti unafika karibu 129 chini ya kifuniko hicho hicho. Kwa injini ya turbo inayosukumwa, hizo nyuzi chache ndizo zinazoiokoa gasketi ya hedi, ile inayoziba juu ya injini. Geji yangu ilisoma 112 mzunguko wa tatu nikalaumu jua la Athi River. Na chumvi ile, fundi ameshaikuta kwenye mdomo wa rejeta, nyeupe kama kwenye birika la chai.

Hiyo "dawa ya turbo" sikununua, namshukuru Mungu kwa kuishiwa pesa. Anasema ukiimimina kwenye oili unaweza kuzima gari papo hapo baada ya kulikimbiza. Uongo mtupu. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukipigwa na moshi wa nyuzi mia nane, mia tisa. Ukizima ghafla, oili inasimama ndani ya beringi na kuungua mpaka inakuwa masizi. Dawa yake ni bure: mzunguko wa mwisho nenda polepole, ukifika acha injini ingurume dakika moja au mbili, fungua boneti ile intakula ya juu (kipoza hewa ya turbo) ipumue. Hendibreki usivute breki zikiwa moto. Tia gia, weka jiwe kwenye tairi.

Anauza na pedi pia. Pedi za kweli huwa na maandishi ubavuni, na mara nyingi mwisho wake utaona herufi mbili kama FF au GG, za kuonyesha zinavyoshika zikiwa baridi na zikiwa moto. Picha alizonitumia hazina herufi yoyote.

Ukinunua popote, tazama pete ya kifuniko kwanza, lipa kwa till yenye jina la duka, na namba ya stika ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) itume kwa 20023 ukiwa bado umesimama pale kaunta. Mimi nimeandikisha polisi na nina namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Aliyeibiwa kama mimi aniambie ili malalamiko yawe ya wengi.

Aliyenunua kwake tangu mwezi uliopita asiendeshe hata kufika Mambrui kabla hajapima. Kile kipima nimekiazima kwa mzee hadi Ijumaa. Niko nyumbani Ngala kila siku baada ya Alasiri, acheni gari nyumbani, chota mafuta kidogo kwenye tangi la breki uje nayo, na jibu unalipata kabla kahawa haijapoa.