The Crucible (1996): mama mwenye nyumba na binti wa kazi

Filamu hii nimeiangalia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili, napiga pasi sare za watoto, na ilipofika sehemu ya mahakamani nikazima pasi nikakaa chini.

Imetokana na tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1953, na maandishi ya filamu kayaandika mwenyewe. Kisa ni cha Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Wasichana wanakutwa wakicheza ngoma usiku msituni, wanaogopa kuadhibiwa, wanaanza kutaja watu kuwa ni wachawi. Katika historia yenyewe walinyongwa watu 19.

Walionisifia filamu hii wote walinitajia John Proctor, mkulima anayekataa uongo. Daniel Day-Lewis kaigiza vizuri, sikatai. Lakini mimi nilifanya kazi za ndani Mwanza miaka miwili, na leo nina nyumba yangu na dada anayenisaidia. Macho yangu yalikuwa kwa wanawake wawili: Elizabeth, mke wa Proctor, na Abigail, binti aliyewafanyia kazi.

Abigail (Winona Ryder) ni yatima. Bosi wake amelala naye, mke kagundua, binti kafukuzwa, na pale kijijini hakuna tena anayemtaka nyumbani kwake. Proctor kabaki na shamba lake. Hapo namwonea huruma mpaka leo, maana najua nyumba ambayo binti alifungashiwa virago usiku, na asubuhi baba mwenye nyumba akanywa chai yake kama kawaida. Ila Abigail akishaonja kusikilizwa, haachi tena. Anajichoma sindano tumboni ili mwanasesere aliyekutwa kwa Elizabeth, naye amechomwa sindano, awe ushahidi. Ryder ana macho makali kweli, ila anapaza sauti mno. Mahali pengine angenong'ona tu ningeogopa zaidi.

Elizabeth (Joan Allen) hana makelele. Kwenye tamthilia kuna jambo dogo nalipenda sana: Proctor anaonja chakula kilichoko motoni, hakimridhishi, anaongeza chumvi mkewe hayupo. Kikifika mezani anamsifu kwamba kimekolea, na mama wa watu anafurahi. Nyumba ina adabu zote, na wawili hao hawawezi kuambiana hata habari ya chumvi.

Sasa mahakamani. Proctor amekiri uzinzi wake ili Abigail asiaminiwe, na ameapa kwamba mkewe hajawahi kusema uongo. Hakimu anaagiza Elizabeth aletwe. Proctor na Abigail wampe mgongo. Mama huyu hajui mumewe kakiri. Anaulizwa kwa nini alimfukuza binti, na kama mumewe ni mzinzi. Joan Allen anautazama ule mgongo, anatafuta ishara, hapati. Anajibu hapana, kwa sauti ndogo. Akiwa anatolewa ndipo mume anapiga kelele kwamba alishakiri, na uso wa Elizabeth unavyobadilika pale mlangoni sina maneno ya kuueleza. Abigail kadanganya siku zote akaaminiwa, na uongo huu mmoja wa Elizabeth, aliousema kwa mapenzi, ndio unaomfunga mumewe.

Kasoro ninayo. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka kama 11, na Proctor mzee wa miaka kama 60. Miller kamkuza binti akamfanya wa 17, akampunguzia mzee umri, akatunga mapenzi kati yao. Inaniuma kwamba mzigo kabebeshwa binti wa kazi, wakati hati za kunyonga zilisainiwa na watu wazima wenye vyeo.

Rebecca Nurse, bibi kizee aliyetajwa kuwa mchawi, pia msimpite haraka. Aliponyongwa alikuwa na miaka 71. Bibi yangu mzaa mama, Shinyanga, alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa jiko, macho ambayo kule watu huyaita ya mchawi, na kuna mwaka mama alikataa kabisa alale peke yake. Rebecca alipopanda kitanzini nilimwona bibi.

Dada anayenisaidia tuliangalia naye. Mwishoni akauliza, "Mama, yule Abigail kaenda wapi?" Nikamwambia kakimbia na hela za mjomba wake, kapanda meli. Akakaa kidogo, akauliza tena, "Na kule alikofukuzwa, mshahara wake walimlipa?" Sikuwa na jibu, filamu haisemi.

Naipa filamu nyota nne kati ya tano. Ni ya saa mbili hivi, Kiingereza chake ni cha kizamani, washa maandishi ya chini. Mwanzoni msituni kuna msichana anavua nguo, kwa hiyo watoto walale kwanza.