Mshahara mmoja, mianzo miwili: aliyesoma kwa mkopo na aliyelipiwa na wazazi

Chukua wahitimu wawili walioajiriwa Dar es Salaam, kila mmoja kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Kodi na michango ya pensheni ni ileile. Lakini aliyesoma kwa mkopo wa HESLB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka. Aliyelipiwa na wazazi hakatwi hicho.

Kisha pango. Wenye nyumba wengi hudai miezi sita kwa mkupuo, hivyo chumba cha 100,000 kinataka 600,000 kabla ya mshahara wa kwanza. Mwenye kwao mjini halipi. Mgeni wa jiji hukopa tena, huku wadogo zake wakimsubiri awatumie pesa.

Pengo linaloniuma zaidi ni la hati miliki ya ardhi. Nyumba ya wazazi yenye hati, benki huipokea kuwa dhamana ya mtaji. Shamba la ukoo lisilopimwa, hata liwe ekari kumi, mara nyingi hukataliwa.

Mwenye mkopo aombe taarifa ya deni lake mapema: likiisha bila mwajiri kujulishwa, makato yanaweza kuendelea.