TAHADHARI: Chupa za "baridi saa 24" za mtandaoni, mimi nimeshapigwa

Ndugu zangu wa Dar mnaoagiza vitu mtandaoni, someni hii kabla hamjatuma hela.

Niliagiza chupa mbili za maji za chuma, lita moja moja, shilingi 35,000 kila moja. Muuzaji aliandika zina kuta mbili na barafu inakaa saa 24. Moja ilikuwa ya mume wangu, anaendesha bajaji, na jua la Mbagala mnalijua. Bodaboda aliyeleta mzigo akagoma nisifungue boksi mpaka nilipe. Nikalipa.

Asubuhi nikaijaza maji na barafu. Saa nne mume wangu ananipigia: maji ya vuguvugu, na kiti kimelowa. Nikadhani mfuniko unavuja. Jioni nikaijaza tena, nikaiweka mezani nikaikodolea macho. Mfuniko mkavu kabisa, ila chupa yenyewe inatoka jasho mwili mzima, mpaka daftari la mtoto likalowa. Chupa ya kweli imenyonywa hewa katikati ya kuta zake mbili, ndiyo maana nje inabaki kavu hata ndani kukiwa na barafu tupu. Niliyouziwa mimi ni bati moja lililopigwa rangi ikapendeza.

Nilipomwandikia muuzaji alijibu, "Hujaifunga vizuri dada." Nikamtumia picha ya meza. Akanibloku.

Jamani, kipimo ni rahisi. Mimina maji yanayochemka, funga, subiri dakika tano, halafu shika kiunoni na kitakoni. Ikiwa ya moto, rudisha. Pale shingoni patapata joto hata kwa chupa ya kweli, kwa sababu ndipo kuta zinapokutana, hapo msiogope. Na ile 304 iliyogongwa kitakoni isiwazuge: ni aina ya chuma tu, haisemi kama kuta ni mbili, na yeyote anaweza kuigonga.

Baadaye nilikwenda Kariakoo mwenyewe. Mwenye duka akachemsha birika mbele yangu, tukapima, nikalipa 28,000. Jana mume wangu amerudi saa moja usiku, barafu bado inagonga ndani.

Yule tapeli ameshabadilisha jina la ukurasa, ila picha ni ileile: chupa ya bluu iliyokatwa katikati, imejaa barafu, juu ya mchanga wa ufukweni. Mkiiona, msitume hata mia, na mwambieni na jirani.