Fort Jesus: Nilikwenda kutazama mizinga, nikapigwa mzinga

Mimi si mtu wa makumbusho. Nilikwenda Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, kwa sababu ya mpwa wangu wa miaka tisa, aliyeapa kwamba harudi Nairobi kabla hajagusa mzinga kwa mkono wake. Basi tukashuka kwenye tuktuk saa sita mchana, jua la utosi. Kosa hilo ni langu mwenyewe. Mizinga ya kale ni ya chuma tupu na hushinda juani. Kijana alikibandika kiganja akakibandua mbio kama aliyeshika sufuria. Nendeni asubuhi, au alasiri upepo wa bahari ukishaanza.

Hata hatujafika mlangoni, akatuzukia bwana mmoja, si mfanyakazi wa pale, ni wa mitaani tu. "Karibu ami, mimi nitakuzungusha bure." Sisi wa bara tukisikia bure tunafaa tukimbie, lakini nilikubali. Akaanza na mzinga wa kwanza: "Hii yote ni ya Mreno, alikuja nayo Vasco da Gama." Mpwa wangu akanivuta shati. Amefundishwa shuleni kwamba Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498, na ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga 1593. Bwana yule akacheka, akasema huyu atakuwa wakili.

Mizinga ya kale imeelekezwa kwenye mlango wa bahari, ng'ambo ikitazamana na English Point. Isogelee uikague. Nyuma, juu, kuna kitundu kisichozidi kidole, ndipo moto ulipotiwa. Baruti na tufe viliingizwa kwa mdomoni. Kitundu kimojawapo kilikuwa kimezibwa na karatasi ya peremende. Tuliitoa, mpwa akaenda mdomoni akaita jina lake, sauti ikamrudia nzito kama ya mzee. Hapo ndipo niliposahau jua.

Sasa, usidhani mizinga hii iliilinda ngome siku zote. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, wakaichukua Desemba 1698, na wengi wa waliokuwamo walikufa kwa maradhi na njaa. Mwaka 1875 Akida wa Mombasa, yaani mkuu wa askari wa ngome, Muhammad bin Abdallah, alipomwasi Sultani Barghash wa Zanzibar, akajifungia humo. Manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga ngome mpaka akasalimu amri. Baadaye pakawa gereza, 1895 hadi 1958.

Lakini kilichonifanya niandike ni mizinga miwili ya meli, mirefu na myembamba, ambayo watu huipita wakikimbilia kupiga picha kwenye kuta. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani ambayo watu wa pwani waliiita "manowari na bomba tatu" kwa mabomba yake ya moshi. Mwingine ni wa Pegasus ya Kiingereza. Tarehe 20 Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshaanza, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo. Königsberg ikaja alfajiri, ikasimama mbali ambako mizinga ya Mwingereza haikufika, ikaizamisha. Kisha yenyewe ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na Julai 1915, baada ya kushambuliwa, mabaharia wake wakaizamisha kwa mikono yao.

Hadithi ya mizinga haikuzama na meli. Wajerumani waliitoa yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam ikafungwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Waingereza nao wakaiopoa ya Pegasus, wakaitia magurudumu vilevile. Ikawa mizinga ya bahari inaburutwa porini, na waliobeba mzigo wa vita hivyo ni watu wetu. Kariakoo ya Dar na Kariokor yetu ya Nairobi zimepata majina yao kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Mwingereza. Mimi hununua viondo Kariokor miaka yote, na sikuwahi kuuliza jina lilitoka wapi.

Mpwa aliuliza nani alishinda. Nikamwonyesha ile miwili imekaa sehemu moja, nikamwambia achague.

Ukienda, beba kitambulisho maana raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na maji ya kutosha. Usikose pia chumba chenye vitu vilivyoopolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Mreno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Saa mbili zinatosha. Sisi tulikaa tatu.

Tulipotoka, yule bwana wa bure alikuwa akitusubiri kivulini. Akanipiga mzinga wa mia tano. Tulivutana pale mpaka tukapatana: mia mbili, na dafu moja juu yake. Dafu alilinywa mpwa wangu.