Resident Evil 5: rivyu ya mtu aliyewaelewa majini

Wadau habari zenu. Wiki iliyopita nimenunua tena Resident Evil 5, diski ya PS4 mtumba, kwa jamaa mmoja mwenye kifremu hapa mjini Arusha, kaanzia 50,000 nikamwambia kaka hili gemu la 2009 unaniuzia bei ya shamba, tukavutana pale mpaka 35,000 akanifungia kwenye mfuko wa kaki kama mandazi. Kabla sijaanza kuhukumu niseme ukweli, mi sio hakimu wa haki hapa. Hili gemu ndo limenifanya nijue HTML, ile lugha ya kutengenezea saiti, ndo limenifanya nikose hela ya nauli nikawa natembea toka mjini mpaka Sakina jua kali, kwa hiyo nikilisifia sana mnisamehe na nikilisema vibaya mjue nalisema kama mtu anavyomsema ndugu yake.

Ushabiki wangu ulianzia kwenye ya nne sio ya tano. Kulikuwa na kibanda cha gemu Ngarenaro, PS2 tatu, tivii za chogo, benchi la mbao ambalo ukikaa vibaya linakubana, na wote pale ni Winning tu, gemu la mpira, asubuhi mpaka usiku. Mi ndo nilikuwa msichana pekee, nikiingia wananiambia dada saluni ile pale, ila nilikuwa nalipia hela yangu kama wao. Sasa siku moja mwenye kibanda kaweka Resident Evil 4 kujaribu tu diski kama inasoma, nikaona kijiji, watu wana mashoka na uma za shamba wanakuja wanapiga kelele kwa Kihispania, jamaa kafa ndani ya dakika mbili, kichwa kimekatwa na msumeno. Nikasema hiyo hiyo usitoe.

Shida ilikuwa memori kadi. Ipo moja kibanda kizima, na kusevu kwenye yale magemu lazima ufike kwenye mashine ya kuandikia, ile taipureta ya zamani, yani unakimbia damu inakutoka unatafuta taipureta kama mtu anayetafuta choo safarini. Nimefika kasri kule mbali, wiki nzima ya hela za chipsi imeishia pale, Jumatatu nakuja nakuta chalii mmoja kaifuta sevu yangu ili aweke ligi yake ya Winning. Sikulia. Nilitoka nje nikakaa kwenye tairi.

Haya, ya tano. Ilitoka Machi 2009 kwa PS3 na Xbox 360 lakini mi nimeikuta 2010 Kaloleni, kibanda cha kwanza ninachokijua mimi kuwa na PS3, dakika 20 jero, mwenyewe anaweka saa ya mezani mbele yako inalia kama ya kuamkia daku. Mwanzo wa gemu Chris Redfield, ndo shujaa mwenyewe, anashuka kwenye gari sehemu inaitwa Kijuju, eneo la kutunga, anakutana na dada mmoja Sheva Alomar, wanatembea sokoni. Mabati, vumbi, jua linaumiza macho kabisa (hapo kwenye jua wamepatia sana), jamaa wanapiga kitu ndani ya gunia, ukisogea wanaacha wanakuangalia. Ukipita ukigeuka hamna mtu. Soko limekuwa tupu, sijui unanielewa, we fikiria Soko la Kilombero saa nne asubuhi limekuwa tupu halafu kimya.

Alafu ndo wakaanza kupiga kelele, na wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Jamani. Kibanda kizima kiligeuka. Waliokuwa kwenye Winning wakabonyeza pozi, na mnajua mtu wa Winning kubonyeza pozi ni jambo zito. Mama wa chipsi jirani alichungulia na kijiko chake akauliza nani mnamfukuza humo ndani, alidhani wamekamata mwizi. Mwenye kibanda akamwambia hamna kitu mama, ni majini tu hao. Sasa hilo jibu ndo likawa kosa, maana yeye alimaanisha maadui wa kwenye gemu wanaitwa hivohivo Majini, Capcom waliolitengeneza wamelichukua neno letu kama lilivyo, ila mama wa watu kasikia kwenye hicho kibanda kuna majini. Wiki hiyo watoto wawili walikatazwa na wazazi wao kuja.

Na tuliosoma Kiswahili tukapata la ziada, maana majini ni mashetani lakini pia ni kwenye maji, na mwanzo wa sura ya tatu mnaenda na boti kwenye mabwawa yenye mamba, kwa hiyo majini wako majini, hii utani tumeitumia mpaka ikachakaa.

Kiswahili chao chenyewe kikoje? Kama mtu kakisomea kwenye karatasi akiwa nyuma ya basi linalotembea. Vingine vinasikika wazi, vile vya kuhimizana kama watu wanaokimbiza mwizi, vingine unasikia herufi tu. Tena Kijuju kwenye stori imewekwa Afrika Magharibi, yani ni sawa uende Accra ukute mji mzima wanaongea kama Tanga. Ile trela yao ya 2007 ilileta kelele nyingi nje huko, mzungu mwenye bunduki anawamaliza weusi kijiji kizima, na mi naona waliolalamika walikuwa na haki yao. Mi mjini pale kwenye mabati sikuumia sana kusema kweli, walioniudhi ni wa mbele huko, wale Ndipaya, sketi za majani, barakoa, mikuki, ngao. Hapo Capcom walichemka. Ni kama walimaliza kazi nzuri ya kuchora mtaa alafu bosi akaja akauliza mbona sijaona Waafrika, wakaongeza. Nilikuwa nacheza na kaka yangu akasema kwa sauti ya chini, hawa wametuona kwenye katuni. Tukaendelea kucheza lakini sehemu ile tulikuwa tunaipita haraka.

Sasa kama gemu la kununua leo likoje. Ukicheza wawili ni tamu balaa. Skrini inagawanyika, mmoja Chris mmoja Sheva, kila mtu ana nafasi tisa tu za kubebea vitu na ukifungua mkoba gemu halisimami, kwa hiyo unapekua majani ya dawa ya kijani uchanganye na mekundu huku jini linakuvuta shati. Ndo hapo undugu unapimwa. Kaka yangu alikuwa na tabia ya kubeba risasi za bunduki yangu "akinitunzia". Ukimpa kompyuta acheze Sheva ndo utajuta, anakutumia dawa umekwaruzwa kidogo tu, risasi anazimaliza kwa jini mmoja aliyelala chini, mwisho unamnyang'anya kila kitu unamwachia kibastola kama askari wa mgambo.

Kero nyingine: huwezi kutembea huku unapiga, ukinyanyua bunduki umeganda kama nguzo. Watoto wa sasaivi hili litawashinda. Na kwenye kugawa skrini hawajaijaza tivii yote, kila picha imekaa upande wake na meusi pembeni, kwa tivii ndogo ya nchi 24 unacheza umekodoa. Hofu pia hamna sana, ni vita zaidi. Mwishoni Chris anasukuma jiwe kubwa kuliko hiace kwa ngumi ndani ya volkano, ngumi jamani, mpwa wangu kauliza huyu jamaa anakula nini. Ila ile PS4 ya 2016 inakuja na vipande vyote vya nyongeza humo humo, na kipande cha kwenye jumba la giza peke yake kinalipa nusu ya hela, maana hicho kinatisha kweli.

Maksi zangu: wawili nane kwa kumi, peke yako tano, na hiyo tano moja ni ya jua.

Kuhusu saiti yangu ya hili gemu, maana najua kuna wanaosoma hapa kwa ajili hiyo. Nilitaka muongozo wa kumpita yule wa shoka kubwa pale mwanzoni, ya Kiingereza niliipata mingi, ya Kiswahili hamna hata moja. Nikajiuliza, yani gemu lenye majini wanaoongea Kiswahili muongozo wake haupo kwa Kiswahili? Basi nikaandika mwenyewe. Nilianza na Nokia na Opera Mini, kwenye huduma moja ya bure ya kutengeneza saiti kwa simu, jina nalihifadhi, baadae nikahamia intaneti kafe natumia Notepad, naangalia koodi za saiti za watu nje huko nakopi naona kitu gani kinavunjika. Nyuma nyeusi, maandishi mekundu, juu kichwa cha habari kinatembea kulia kwenda kushoto. Macho yanauma lakini nilikuwa najiona nimemaliza. Chini nikaweka kihesabu cha wageni, wiki ya kwanza wageni 41, thelathini na kitu ni mimi narifreshi.

Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa wa bwana shoka, na nauandika tena hapa kwa faida ya wote: si lazima umuue. Zunguka, panda paa, ruka shuka, funga mlango asukume kabati, nunua muda tu mpaka helikopta ifike ilipue geti, alafu kimbia. Risasi zako tunza.

Kazi ilikuwa kwenye maneno. Bosi, yule adui mkubwa, tukaacha bosi. Yale majani ya dawa niliita mitishamba na watu wa kibanda wakanicheka wiki mbili, "dada nipe mtishamba", ila baadae nikawasikia wenyewe wanalitumia wakiwa wamebanwa hawana muda wa kucheka. Flashi ikipita intaneti kafe ikirudi mafaili yote yamegeuka shotikati, virusi, unaanza upya. Nimeandika ukurasa wa sura ya tatu mara nne.

Alafu ikaja barua pepe toka Brazil. Mtu simjui, naye ana saiti yake ya Resident Evil, anauliza kwa Kiingereza kibovu kama changu, majini wanasema nini? Ana muda anasikia zile kelele na hajui maana yake. Nikaona kumbe ninacho kitu ambacho hao wote hawana. Nikaenda kibandani nikalipia saa nzima, nikaweka simu kwenye spika ya tivii narekodi, sichezi, nimesimama tu kwenye kona na Chris majini yanakuja yananipiga nakufa narudia, mwenye kibanda akaja akaniuliza kwa upole, mdogo wangu una tatizo? Nikajaza kurasa sita za daftari. Zile nilizozielewa nikamtafsiria, zile ambazo sikuzipata nikaweka alama ya kuuliza. Aliweka jina langu kwenye saiti yake chini, "dada wa Tanzania", linki kabisa. Niliiprinti ile kurasa.

Sasa somo lililoniuma na nawaambia mnaotaka kuanza: msiweke kitu sehemu moja. GeoCities yenyewe, ile huduma ya saiti za bure, kwa ukubwa wake Yahoo waliifunga Oktoba 2009, saiti za mashabiki zikaondoka nayo, nilikuwa naisoma hiyo habari naona ni mambo ya Marekani huko. Zamu yangu ilikuja kimya kimya, naingia siku moja nakuta tangazo la vidonge vya kupunguza mwili, saiti yote hakuna, hawakunitumia hata ujumbe. Kilichobaki ni daftari. Sasaivi nimeijenga upya kwenye Neocities, huduma nyingine ya saiti za bure, unaandika HTML yako mwenyewe kama zamani, na kopi nyingine ipo kwenye flashi, na nyingine kwenye kompyuta ya ofisini ambayo bosi haijui. Nyuma bado nyeusi. Maandishi nimeyafanya meupe, umri umekwenda.

Wameshaitengeneza upya ya 2 mwaka 2019, ya 3 mwaka 2020, ya 4 mwaka 2023, na wakifika ya 5 ombi langu ni moja tu, walipie watu wa huku warekodi zile sauti, hata chalii wa stendi ndogo wanatosha, wale wakikuita upande gari unasikia toka Kijenge.

Basi Jumamosi nilicheza na mpwa wangu, ana miaka 13, kavaa hedifoni, mi Sheva yeye Chris. Tumefika pale sokoni kwa gunia akavua hedifoni akasema shangazi huyu kasema hivi, akataja neno, ni lile la ukurasa wa nne wa daftari, lenye alama ya kuuliza toka 2010. Nikabisha. Tukarudia mara nane, nimevaa hedifoni, amevaa yeye, tumegawana sikio moja moja. Yeye anasikia neno lake, mi nasikia kikohozi. Alama ya kuuliza bado ipo.