Kadi za Krismasi za wapenda hesabu: nyota tatu, na moja ni ya kadi tupu

Pakiti hii nimeinunua kwa ajili ya kadi moja tu: y = ln(x/m − sa)/r². Nafundisha hisabati, na fomula hii huwa nawapa wanafunzi siku ya mwisho kabla ya likizo. Zidisha kwa r², ondoa logi (hiyo ln), zidisha kwa m, unabaki na me^(rry) = x − mas. Isome kwa sauti: "Merry Xmas". Darasa hulipuka.

Sasa kwenye kadi yangu mchapaji kasahau kile ki-2 kidogo cha juu ya r. Nimekokotoa mara mbili nikidhani nimekosea mimi. Wapi! Inatoka me^(ry). Kadi nzima ina utani mmoja, na utani wenyewe umeibiwa r.

Ile ya OCT 31 = DEC 25 iko sawasawa. Kwenye oktali, yaani kuhesabu kwa nane nane, 31 ni 3×8+1, ambayo ni 25 yetu ya kila siku. Hata ukiandika OKT na DES bado inakubali, maana Oktoba na oktali, Desemba na desimali, vinaanza vilevile. Ya alfabeti isiyo na L ("No L", Noel, yaani Krismasi) kwa Kiswahili imekufa. Sisi Q na X hatuna siku zote na hakuna aliyewahi kucheka.

Karatasi nzito, nzuri. Gundi ya bahasha ni ya kubembeleza.

Kilichookoa pakiti ni kadi mbili tupu zenye jedwali la elementi kwa nyuma. Nikakaa nalo na kalamu, nijaribu kuandika maneno kwa alama za elementi. "Heri" ilitaka kugoma mapema: He ni heli, lakini R peke yake haimo; ikabidi niikate H, Er, I: hidrojeni, erbi, iodini. "Krismasi" ikaingia yote! Kr, I, Sm, As, I: kriptoni, iodini, samari, aseniki, iodini tena. (Aseniki ni sumu, ila tusiharibu sherehe.) Na "sikukuu" je? Si, K, U, K, U, U. Urani mara tatu. Kadi hiyo sijui nimpe nani.

Ya Krismasi nilimtumia baba, nikaandika namba za atomi peke yake: 36 53 62 33 53. Jioni akanipigia. "Mwanangu, ahsante, lakini hii vocha inakataa."