Uzoefu wangu: muhula mmoja Washington kwenye mafunzo ya sera za umma

Nilikwenda Washington muhula wa vuli wa 2023, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya siasa katika chuo kimoja cha Marekani. Chuo chetu kina programu ambayo mwanafunzi anahama kampasi muhula mzima: siku nne za wiki yuko ofisini, Ijumaa yuko darasani, na mwisho anaandika utafiti. Alama zinahesabiwa kama za masomo mengine. Ada ni ileile ya chuoni, ila kodi ya chumba katika jiji lile haishikiki, hata mkikaa wawili. Ningepewa nafasi ya kurudia ningekwenda tena kesho. Lakini kuna jambo lilinitesa, na kwa kuwa wengi wanaoniuliza wanasoma kwa viza kama mimi, naanza nalo.

Mwezi wa tatu tulipewa orodha ndefu ya ofisi zinazopokea wanafunzi. Nikaomba Ikulu, nikaomba Wizara ya Mambo ya Nje, na kila barua niliiandika kwa siku kadhaa. Baada ya wiki tano ndipo nikagundua kwamba sehemu zote mbili huchukua raia wa Marekani tu. Masharti yako wazi kwenye kurasa zao, nami nilipaswa kuyasoma. Lakini programu inayopokea wanafunzi wa kigeni kila mwaka ingeweza kuweka alama ndogo pembeni ya majina hayo. Nilimwambia mratibu hivyo. Alinisikiliza, akakubali, ila wiki zangu tano zilikuwa zimeshakwenda.

Halafu kuna kibali. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hawezi kuanza mafunzo ya kazi nje ya kampasi mpaka apate kinachoitwa CPT, ruhusa ya kufanya mafunzo ya kazi wakati bado unasoma. Kwa kawaida uwe umeshamaliza mwaka mmoja wa masomo, na kazi yenyewe iwe sehemu ya mtaala wako. Kibali kinaandikwa kwenye fomu ya I-20, ile hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, pamoja na jina la mwajiri na tarehe ya kuanza, kwa hiyo ukibadilisha ofisi unaomba upya. Ukiitangulia tarehe hiyo unahatarisha viza yako. Barua ya ofisi yangu ilichelewa, nikakaa chumbani wiki nzima, kila asubuhi nikiwatazama wenzangu wakitoka na vitambulisho shingoni. Iliniuma sana. Wengine hukwepa CPT kwa kuogopa kupoteza ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Ruhusa hiyo hupotea ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote katika ngazi hiyo ya shahada. Muhula mmoja haufiki huko.

Ofisi niliyoipata ilikuwa taasisi ndogo ya utafiti wa sera, watu tisa, ghorofa moja, inayoshughulikia biashara kati ya Marekani na Afrika. Wenzangu waliokwenda kwenye ofisi za wabunge walipokea simu za wananchi na kutembeza wageni ndani ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani. Mwenzangu wa chumba aliipenda kazi hiyo, anasema simu zilimfundisha watu wanalalamikia nini hasa. Mimi nilifurahi kwamba nilipewa kuandika tangu wiki ya kwanza, na ukiniuliza, ofisi ndogo isiyojulikana inamfaa mwanafunzi kuliko jina kubwa.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye kamati moja ya Seneti. Alinipa AGOA, ile sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka 2015 iliongezewa miaka kumi, hadi Septemba 2025, hivyo mwaka 2023 mjadala wa kuiongeza tena ulikuwa umeanza kupamba moto. Alitaka memo, yaani maelezo mafupi ya kikazi. Nikasoma ripoti za kitengo cha utafiti cha Bunge, ambazo tangu 2018 kila mtu anaweza kuzisoma bure, nikaandika kurasa kumi na mbili. Nikaanzia enzi za Rais Clinton.

Alichukua kalamu, akapiga mstari kutoka juu ya ukurasa wa kwanza, akafunua, akaendelea kupiga hadi ukurasa wa tisa. Hakuwa na hasira. Akaniambia nimfikirie msomaji wangu yuko kwenye lifti, anakwenda kikaoni, na mlango ukifunguka anatakiwa ajue aseme nini. Kisha akanirudishia kurasa tatu zilizobaki.

Nilikwama siku tatu kwenye kipengele kimoja tu, kile cha kitambaa cha nchi ya tatu. Maana yake ni hii: nchi nyingi za AGOA ziliruhusiwa kushona nguo kwa kitambaa kilichonunuliwa nje, kwa mfano Asia, na nguo hizo bado zikaingia Marekani bila ushuru. Viwanda vya nguo vya Kenya vimejengwa juu ya ruhusa hiyo. Ukiiondoa, sheria inabaki vilevile kwenye karatasi huku mafundi wa cherehani wakirudishwa nyumbani. Nilihitaji kuyasema hayo kwa sentensi nne, nikaandika aya nzima mara saba. Sikuwahi kufundishwa hilo darasani, kwa sababu darasani ukiandika zaidi unaonekana umesoma zaidi.

Oktoba ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini programu hii hufanyika katika mji mkuu. Jumanne ya tarehe 3 tulikuwa tumesimama mbele ya televisheni ya ofisi wakati Baraza la Wawakilishi likimwondoa Spika Kevin McCarthy, kura 216 kwa 210. Haikuwahi kutokea Spika kuondolewa kwa kura namna hiyo. Mpaka Mike Johnson alipochaguliwa tarehe 25, hakuna muswada uliopigiwa kura katika ukumbi ule. Seneti iliendelea na kazi zake, basi nikaacha kushukia kituo cha treni cha Capitol South, upande wa Baraza la Wawakilishi, nikawa nashukia Union Station, upande wa Seneti, nakwenda kusikiliza kamati kwenye jengo la Dirksen. Vikao vingi viko wazi kwa umma. Unapita kwenye ukaguzi, unapanga foleni, unakaa. Fika mapema.

Tarehe 30 ya mwezi huohuo nilikuwa nimekabidhi memo yangu, safi, kurasa mbili. Mchana Rais Biden akatangaza kwamba Uganda, Gabon, Niger na Jamhuri ya Afrika ya Kati zitaondolewa AGOA kuanzia Januari 2024, siku chache kabla ya mkutano wa AGOA uliokuwa ufanyike Johannesburg. Memo ikawa imechina. Tulikaa mezani na mama yule mpaka saa mbili usiku tukiiandika upya, nami ndiye niliyeeleza kahawa na vanila za Uganda zinauzwa wapi na nani ataumia. Jioni ile alinisikiliza kama mwenzake wa kazi, na sijaisahau.

Darasa la Ijumaa nalipa alama za wastani. Wageni wengine walikuja kusimulia maisha yao tu na kuondoka. Utafiti wa mwisho ulikuwa mzuri kwa sababu nyingine: kadi ya msomaji ya Maktaba ya Bunge ni bure kwa yeyote mwenye miaka 16 na kuendelea, raia au mgeni, unakwenda na kitambulisho tu. Kuna chumba cha kusomea cha Afrika na Mashariki ya Kati, na maktaba hiyo ina ofisi yake Nairobi inayokusanya machapisho ya kwetu. Nilikaa mle Jumamosi nyingi, nikisoma Kiswahili chini ya dari za jengo la Jefferson, na nilijisikia niko nyumbani.

Kama unafikiria kuomba, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujagusa orodha, na umuulize mratibu kwa maandishi ni ofisi zipi zinapokea wasio raia. Ukiitwa kwenye usaili, uliza mwanafunzi wa muhula uliopita aliandika nini na nani alikisoma. Dada yangu mdogo ameomba muhula wa vuli unaokuja. Barua ya CPT yake imetoka mwezi wa tano.